Majina kumi na tano (likizo ya Sekenke)

Najua nimeadimika, na nasikia kuna waliokwisha kutangaza kwamba nimedisko nimerudi kulima alizeti. Nipo jamani. Nimeingia Dodoma juzi usiku, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi, na leo sina kipindi mpaka saa nane, kwa hiyo kaeni niwape kisa. Ni kisa cha karatasi moja ya daftari. Upande mmoja nimeandika majina ya wacheza besiboli wa Marekani, upande wa pili majina ya wachimbaji wa mjomba wangu kule Sekenke.

Nianze na besiboli, maana najua wengi wenu mtaguna. Wale mnaopita chumbani kwetu usiku mnaujua ugonjwa wetu. Rumu-meti wangu alisoma sekondari Dar na huko akaambukizwa mchezo huu kupitia Wajapani wanaoufundisha mashuleni (pale Azania walisaidia mpaka uwanja ukajengwa, ukafunguliwa Desemba 2018, wanauita Koshien kama ule wa kwao). Alipofika chuo hakupata wa kucheza naye, akatuletea kwenye laptop programu inaitwa Out of the Park Baseball, kitu kilichoanza 1999. Humo huchezi kwa vidole kama FIFA. Wewe ni bosi. Unasajili, unapanga kikosi, unabofya, kompyuta inacheza mechi 162 za msimu na kukuletea matokeo. Na kama hujui besiboli kabisa, chukua rede, halafu yule wa katikati umpe gongo aupige mpira badala ya kuukwepa. Yaliyobaki ni hesabu.

Tulianza na msimu wa 1997 kwa sababu mwenye laptop alisema ni mwaka mzuri. Yeye akachukua Atlanta, mimi nikachukua Houston kwa sababu ya kijinga tu, niliona nyota kwenye kofia yao nikaipenda. Kuanzia hapo majina yetu ya ubatizo yakafa. Pale bloku yetu kuna mtu anaitwa Atlanta, kuna Seattle, na mimi Houston. Hata wa kantini anajua.

Sasa, wanaofuatilia wanajua kwamba 1998 ligi ya Marekani iliongeza klabu mbili, Arizona Diamondbacks na Tampa Bay Devil Rays. Kwetu ikawa kama imepangwa, maana washikaji wawili wa chumba cha jirani walikuwa wanatusumbua muda mrefu nao wapewe timu. Mmoja akawa Arizona, mwingine akawa Tampa. Lakini timu mpya inapata wapi wachezaji? Inawachukua kwa wenyewe.

Kanuni za wakati ule zilikuwa hivi na sisi tukazifuata. Kila klabu kongwe, nazo zilikuwa 28, inaandika majina 15 ya wasioguswa. Wengine, ukiacha vijana wabichi waliosajiliwa karibuni, wako mezani. Klabu mpya zinachagua kwa zamu. Raundi ikiisha unaruhusiwa kuongeza watatu kwenye wasioguswa, halafu wanaendelea. Raundi tatu. Siku yenyewe ilikuwa 18 Novemba 1997, na kila klabu mpya iliondoka na watu 35.

Mtu akisikia 15 anaona ni wengi. Si wengi hata kidogo. Kumi wa kwanza wanajiandika wenyewe, huhitaji hata kufikiri. Mimi nina Jeff Bagwell, ambaye mwaka ule alipiga mipira 43 ikatoka nje ya uzio. Nina Craig Biggio aliyeleta mikimbio 146, na msimu mzima hakupiga hata mpira mmoja wa kuwatoa watu wawili kwa mkupuo, kitu ambacho Atlanta akikieleza anasimama. Nina Billy Wagner, mrushaji anayetumia kushoto kwa sababu utotoni alivunjika mkono wa kulia mara mbili, akajifunza upya. Hao watatu wote sasa wako kwenye Ukumbi wa Heshima wa besiboli: Biggio 2015, Bagwell 2017, Wagner 2025. Ongeza warushaji wangu Kile, Hampton na Reynolds, ongeza mdakaji Ausmus. Ukifika wa kumi na tatu kalamu inaanza kuwa nzito.

Kwangu vilibaki viti viwili na watu watatu, wote wa nyuma uwanjani: Derek Bell, Richard Hidalgo na Bobby Abreu. Hidalgo ana miaka 22 na kompyuta inamsifu kama mchumba, nikamwandika. Kikabaki kiti kimoja. Bell au Abreu.

Mnaojua historia mtacheka. Houston yenyewe ya 1997 ilimwacha Abreu nje. Tampa Bay wakamchukua, na siku ileile wakampeleka Philadelphia wakabadilishana na mtu anaitwa Kevin Stocker. Abreu akacheza mpaka 2014, akamaliza na mipigo 2,470, na mara 1,476 alipewa kituo cha kwanza bure kwa sababu tu alikataa kupiga mipira mibovu. Stocker hata sisi tulikuwa hatumjui. Basi mtaniuliza, kama yote yanajulikana, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba sisi tuliiweka programu ibahatishe upya maisha ya kila mtu. Abreu wa kwenye laptop anaweza kuwa Abreu yule, na anaweza kuwa mtu wa kawaida tu aliyepewa jina la Abreu. Bell naye namdai shukrani. Kwenye mtoano aliipiga Atlanta saa saba ya usiku, mpira ukatoka, nikapiga kelele mpaka mlinzi akaja kugonga.

Halafu kuna Tampa mwenyewe. Siku ya kuondoka mfuko wangu ulikuwa mweupe kabisa, pesa niliyokuwa naisubiri haijaingia. Tampa akanisindikiza mpaka stendi, akaninunulia maji, akanipa elfu arobaini bila hata kuombwa mara mbili. Basi linaunguruma, akainama dirishani: "Lakini Houston, Abreu usimwandike bwana." Akacheka. Nami nikacheka. Alikuwa anatania au hatanii, mpaka Manyoni nilikuwa nawaza hilo tu.

Makubaliano yalikuwa kwamba orodha imfikie Atlanta kwa meseji kabla ya Jumapili saa mbili usiku. Nikaibeba nyumbani.

Sekenke wengi mnaijua kwa mlima tu, ile miteremko na kona za barabara ya Singida kwenda Nzega ambapo abiria wote wanaacha kuongea. Chini yake mbuga ya Wembere imelala mpaka macho yanachoka. Kwetu ni dhahabu. Wajerumani walichimba hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na 1916, walipobanwa kwenye vita, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora ikapigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Siku hizi watu wa sarafu wanazitafuta kwa bei ya kutisha. Sisi hatujawahi kuiona hata moja. Tunayo mashimo.

Mjomba ana duara, yaani shimo la kuchimbia, limeshapita futi tisini. Ana watu kumi na wanne, akiwemo mwanawe, binamu yangu, ambaye amenizidi miaka miwili kwa hiyo namwita kaka. Mwaka huu maji yakaingia chini, kazi ikasimama. Akatokea mbia kutoka upande wa Shelui mwenye pampu na pesa. Masharti yake: pampu itakausha duara la mjomba, lakini yeye anafungua duara la pili mbele kidogo, na hataki wageni wa kuja kujifunza. Anataka watu watano wanaoijua kazi, kutoka kwa mjomba. Wakabishana siku mbili wakafikia hapa: mjomba ataje saba ambao hawatoi kwa namna yoyote, mbia achague watano katika saba waliobaki.

Mimi nilipoelezwa nilicheka peke yangu, mjomba akaniangalia vibaya. Ikabidi nimweleze ya Houston. Nilidhani ataniona chizi. Akasikiliza mpaka mwisho akasema, "Si kama mambo ya Singida na Ihefu?" Na kweli, sisi watu wa Singida haya tumeyaona. 2022 tulikuwa na Singida Big Stars, 2023 ikawa Singida Fountain Gate, Januari 2024 wachezaji kadhaa wakahamia Ihefu katikati ya msimu, halafu Ihefu hiyohiyo ikatoka Mbarali ikaja kwetu ikaitwa Singida Black Stars, na Fountain Gate wakaenda zao Babati. Mjomba alisema mwaka ule alikuwa hajui amshangilie nani, kwa hiyo akawa anashangilia jina la mkoa.

Alhamisi usiku akaniita nje. "Mpwa, lete hilo daftari lako, wewe ndiye msomi, andika." Nikageuza ileile karatasi ya Houston, nikaandika nyuma yake, tochi ya simu mdomoni.

Sikungoja atamke. La kwanza nikaandika jina la kaka. Nani asiyejua kwamba yeye ndiye mwenye nguvu kuliko wote pale? Mjomba akauliza nimeandika nani, nikamwambia. Akakaa kimya kidogo. "Mtoe."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nikimfungia mwanangu, hawa sita wengine nitawaambia nimewachagua kwa kazi?" Nikapiga mstari juu ya jina. Niliona kuna sababu nyingine hakuisema, labda alitaka awe na mtu wake kwenye shimo la mbia, labda sivyo. Kwa mjomba huulizi mara ya pili.

La kwanza likawa la mzee wa matimba. Matimba ni zile nguzo na magogo ya kuzuia duara lisibomoke. Mzee mwenyewe ana kikohozi, hapandi kamba haraka, wenzake wanamngoja. Mimi kwa akili zangu za Houston nikasema huyu si ndiye wa kumwacha, umri umeenda, mbia akimchukua ni faida. Mjomba akanijibu bila kupandisha sauti: "Wa kubeba viroba nitampata kesho asubuhi hapo barabarani. Huyu anagonga mwamba kwa nyundo anausikia. Nitampata wapi mwingine?" Tukaendelea. Anayejua kufuata mkanda wa mawe ya dhahabu akaingia. Anayetunza hesabu ya viroba, ambaye hana nguvu hata ya kuku, akaingia, kwa sababu siku ya kugawana ndiyo siku watu wanapigana. Kila jina mjomba alilitaja polepole, na baada ya la saba akasema basi, akaenda kulala. Nilibaki nje namfikiria. Mimi nikikosea, raundi ya pili naongeza watatu. Yeye hana raundi ya pili.

Kosa langu ndilo hili. Mchana wake kaka alikuwa ameniuliza habari za huo mchezo, nami nikampa hadithi yote ya Bell na Abreu, akaipenda kweli, akawa ananitania "umeshamwacha nani?" Ijumaa asubuhi nilikwenda kuoga nikaacha daftari juu ya kitanda. Akalichukua kutaka kuona nimeamuaje. Akasoma mbele. Akageuza.

Kama jina lake lingekosekana tu, ingekuwa afadhali. Lakini lilikuwepo, namba moja, limepigwa mstari, kwa mwandiko wangu. Nilimkuta amesimama nalo mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema, "Kumbe uliandika wewe." Nikaanza kueleza ya baba yake, maneno yakawa yanajikwaa, akanikatisha: "Ungeficha hata karatasi basi." Akatoka.

Jumamosi mbia alikuja. Akasomewa wale saba, akaangalia waliobaki, na mtu wa kwanza kumwonyesha kidole alikuwa kaka. Wa kwanza, hakufikiri hata sekunde. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alichukua godoro na sufuria yake jioni ileile akaenda kulala kwenye kambi ya duara jipya, mwendo wa dakika kumi tu kutoka nyumbani. Bibi aliuliza anakwenda wapi na godoro, hakuna aliyemjibu. Mjomba alikula ugali wake wa mtama na mlenda, akamaliza, akanawa, akasema kesho wataanza kuvuta maji.

Jumapili jioni nikapanda kamlima kale ambako mtandao unashika. Kwenye karatasi nafasi ya kumi na tano ilikuwa imeandikwa Bell. Nimeiandika tangu kwenye basi, na niseme ukweli hapa, niliiandika kwa ajili ya elfu arobaini. Nilijitungia na hoja: Bell ana uzoefu, Bell ana mipigo 15 ya kutoka nje mwaka ule, Abreu ana mitatu. Hoja nzuri tu. Lakini niliposimama pale juu nikaanza kuulizana na ile ya mzee wa matimba. Wa kupiga mpira kwa nguvu kila msimu wanauzwa, wamejaa, hata wa bei rahisi. Abreu kitu alichonacho ni jicho. Anaujua mpira mbaya kabla haujafika. Kwenye programu yetu jicho lake limepewa 70 kati ya 80, na Bell wangu wala hafiki 50. Wa namna ile nimpate wapi?

Nikaandika Abreu. Lakini sikupiga mstari juu ya Bell. Nilichana ukurasa mpya nikanakili majina yote kumi na tano upya, safi, ingawa pale mlimani tulikuwa mimi na mbuzi wa watu. Nikamtumia Atlanta saa moja na nusu.

Halafu nikampigia Tampa mwenyewe. Sikutaka aisikie kwa Atlanta, au aione kwenye laptop mbele za watu. Nikamwambia, Abreu nimemwandika. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Akasema, "Sawa bwana." Halafu, "Elfu arobaini yangu je?" Nikamwambia naileta. "Natania," akasema. Na hapa tena sikujua kama anatania.

Jumatatu asubuhi, kabla ya basi, nilikwenda kule duara jipya. Kaka alikuwa anafunga kamba. Sikuwa na hotuba, nilimpelekea vitunguu na mafuta ambavyo bibi alinituma. Nikasema samahani ya daftari. Akasema, "Nenda utachelewa gari." Nilipogeuka akaniita, akauliza, "Ulimwacha nani mwisho wake?" Nikamwambia Bell. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kamba.

Uchaguzi tumeufanya jana usiku hapa hosteli, watu kumi na mmoja chumbani, joto la kufa, karanga zimeisha kabla ya raundi ya kwanza. Ilipofika kwangu, Tampa alimchukua Bell, tena akaniangalia usoni. Nikaongeza watatu wangu, nikajiona mjanja, kumbe nimemsahau Jose Lima. Raundi ya pili Arizona akamzoa. Lima wa kweli alishinda mechi 21 mwaka 1999. Atlanta aliniambia hilo baada ya Arizona kubofya, si kabla, na kwa hilo sitamsamehe mpaka nimalize chuo.

Usiku huohuo tukabofya mpaka mwisho wa Aprili 1998. Abreu wangu anapiga .231 na ameshtua goti. Bell ana mipira saba nje ya uzio akiwa na jezi ya Tampa. Leo asubuhi saa kumi na mbili mlango umegongwa, nikadhani kuna msiba, kumbe ni Tampa kaja kunisomea takwimu kwa sauti. Nimemlipa elfu ishirini. Ishirini nyingine boom likitoka.

Mchana huu imeingia meseji ya kaka, ya kwanza tangu niondoke. "Futi kumi na tano, mawe matupu. Pampu ya mzee imekufa jana tumeitengeneza. Abreu vipi?"

Nimemjibu: bado.